Mchanga wa Mdomo wa Mto

Mikono ya binadamu ni miwili, na hilo ndilo linalomdanganya. Mapendo wa Cimpunda alikuwa na mikono yenye nguvu kuliko ya wanawake wengi wa Bukavu, na bado methali ilimkuta.

Kazi yake ilikuwa kuchimba mchanga. Mto mdogo unaoteremka kutoka Kadutu huubeba wakati wa mvua, ukauacha kwenye kona zake na mwingine kuutua pale unapoingia Ziwa Kivu. Mapendo aliingia mtoni hadi kiunoni, akajaza magunia, akayapandisha mgongoni hadi barabarani, lilikosubiri lori la Alphonse, fundi wa nyumba.

Mkono wa pili ulishika ubao. Alasiri, upepo ukivuma kutoka upande wa Goma, mawimbi yalifika kwenye fungu la mchanga mdomoni mwa mto, yakainuka na kuvunjika taratibu. Mapendo aliyapanda, akasimama juu ya ubao wake na kuteleza mpaka ufukoni. Alifundishwa na Hamadi, kijana wa ukoo wa wauza vitambaa wa Uvira, aliyejifunza mchezo huo kwa ndugu zake wa Mombasa. Juu ya wimbi alikuwa na furaha ambayo hakuipata kwingine kokote.

Jumatatu moja Hamadi alipiga simu. Kulikuwa na mashindano Mombasa, na nafasi moja tu ya msichana. Mjomba wake Idrissa, ambaye angegharamia safari, angefika Jumapili kumwona Mapendo kwa macho yake.

Kesho yake Alphonse naye akaja na lake. Jumamosi alikuwa na dale ya kumwaga, sakafu nzima ya zege, na alitaka malori manne ya mchanga. Akiukosa, angehamia kwa wachimbaji wengine moja kwa moja. Mtu mwingine angechagua. Mapendo alisema ndiyo huku na ndiyo kule. Mchanga wa juu mtoni, aliozoea kuuchimba, ulikuwa mbali na barabara, basi akaanza kulichota lile fungu la mdomoni.

Virginie, mchimbaji aliyemzidi umri, alimtazama siku mbili, ya tatu akashindwa kunyamaza.

"Mapendo, uko unauzisha kitanda yenye unalalaka," akamwambia. "Ile muchanga ndiyo inasimamishaka mawimbi."

"Nachota ya pembeni tu, maman. Mvua itarudisha."

Mvua ina ratiba yake. Wiki ile haikudondosha hata tone, na kufikia Ijumaa koleo la Mapendo liligonga mawe. Jumamosi dale ikamwagwa, Alphonse akamsifu mbele ya vibarua wote.

Jumapili alasiri, mzee Idrissa aliketi ufukoni kwenye kiti cha plastiki, kofia yake safi kichwani. Upepo ulikuja kama ulioitwa. Mapendo alipiga maji kwa mikono hadi mahali pake, akageuza ubao, akangoja. Wimbi la kwanza likampita chini kama mtu asiyemjua. La pili likafanya vilevile. Yalikuja mengi, manene, lakini hakuna lililoinuka. Yote yalikwenda kujipigiza kwenye mawe ya ukingoni. Alihangaika saa nzima mpaka mabega yakawaka moto.

Hamadi aliogelea kumfuata. Pale ambapo zamani maji yalimfika kiunoni, sasa yalimfika shingoni.

"Mapendo, muchanga iko wapi?"

Angeweza kuusingizia mto. Mapendo hakuwa mwongo.

"Iko ku dale ya tonton Alphonse," akasema. "Nilichimba miye mwenyewe."

Mzee Idrissa hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba hawezi kumpeleka mtu Mombasa kwa kusimuliwa, akaaga, na nafasi ikaenda kwa binti mmoja wa Uvira.

Jumatatu Mapendo aliitwa kwenye jengo kupokea oda mpya. Alphonse alikuwa akiimwagia dale maji isipasuke. Upepo wa kutoka Goma ukapita juu yake, na maji yale machache yakafanya vijimawimbi vyembamba, vikafika ukingoni na kumwagika chini. Mapendo alivitazama, koleo mkononi, akalia bila kujificha. Oda aliipata, wimbi limekwenda. Mshika mbili, moja humponyoka.