Bi Kindi Ajifunza Kununua

"Nimebeba ngano."

"Itue!"

"Ni nzito, kuna kenge ndani."

"Itue, tukusaidie!"

Haya. Mambo yalianza siku ya Jumanne, saa tisa na robo alasiri, kiangazi kikiwa kimekausha kila kitu. Bi Kindi alishuka mtini na kikapu mkononi, akaenda dukani. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Msicheke. Miaka yote marehemu mumewe ndiye aliyenunua, yeye akapika. Sasa binti yake, Sikitu, alikuwa amevuka mto kutafuta mti wenye matunda. Alimwachia wajukuu watatu na simbi kumi, zile kauri wanazonunulia vitu, akamwambia zitawafikisha Jumamosi.

Duka lilikuwa la Bwana Kenge. Alikuwa mrefu kama gogo, mkia kama mjeledi, ulimi unatoka na kurudi, slip, slip. Bi Kindi aliuliza bei ya karanga. Kenge akasema simbi tatu kwa kopo. Bi Kindi akasema asante. Akanunua makopo matatu, akasema asante tena, akamwombea Kenge afya njema na maisha marefu.

Nyumbani, mjukuu wake mkubwa, Siwatu, alizimwaga karanga zote chini. Akabonyeza moja, pu, tupu. Akabonyeza ya pili, pu, tupu. Karibu nusu yake ilikuwa maganda matupu.

"Bibi, uliomba akupunguzie?"

"Mtu ametaja bei yake, mjukuu wangu, nimbishie?"

"Kopo ulitazama ndani? Nyongeza ulidai?"

Bi Kindi hakujua kwamba makopo yana ndani ya kutazamwa. Siwatu akashika kichwa kwa mikono yote miwili, kama mama mkwe aliyepelekewa ugali mbichi.

Bi Kindi akarudi dukani mbio kulalamika. Kenge alimsikiliza hadi mwisho, kwa upole, bila kupepesa jicho. Kisha akasema alikuwa na mpango mzuri zaidi.

"Una kitinda mimba pale kwako, Kombo, yule mnene. Kesho jua likitoka, niletee. Nitakupa gunia zima la karanga. Usipomleta nitakuja mwenyewe. Mti wenu naujua, na kupanda najua." Slip, slip.

Bi Kindi alirudi nyumbani akawahesabu wajukuu. Watatu. Akawahesabu tena. Watatu. Kombo alikuwa ameketi juu ya mkia wake mwenyewe, akilamba ganda tupu. Bi Kindi hakuwaambia kitu. Kukimbia hakuwezi, na watoto watatu na magoti yale. Akamwomba Siwatu, jua lingali juu, amfundishe kununua.

Siwatu akakaa juu ya jiwe, akatoa ulimi kama Kenge. Somo lilikuwa fupi: uliza bei, guna, ondoka. Bi Kindi akauliza bei. Akaguna. Akaondoka hatua tatu, kisha akageuka, akamuuliza muuzaji kama amekasirika.

"Bibi, muuzaji hakasiriki. Ukigeuka, umeliwa."

Bi Kindi akamtupia Kombo jicho. Wakarudia. Aliuliza bei, akaguna, akaondoka, akageuka. Wakarudia mpaka Kombo akawa anaguna pamoja naye. Mwisho Siwatu akampa siri ya babu yake: babu alikuwa anawahi alfajiri ili awe mteja wa kwanza. Mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu, muuzaji anaamini duka halitauza kitu siku nzima. Kwa hiyo mteja wa kwanza hubembelezwa.

Bi Kindi akaguna. Safari hii aliguna mwenyewe, bila kufundishwa.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumatano, umande ukiwa bado baridi, alikwenda kwenye kichaka nyuma ya mti. Humo kulikuwa na kiota cha nyigu, kikubwa kama kichwa cha mbuzi. Nyigu wakishikwa na baridi hawaruki. Alikifunika kwa khanga polepole, akakivunja kikonyo, akakifunga mgongoni kama mtoto. Kikatulia. Kitatulia mpaka kipate joto. Alitazama mashariki. Kulikuwa kumeanza kupambazuka.

Kenge alikuwa ndiyo kwanza anafungua. Alipoona mzigo mgongoni, akanyoosha mkono.

"Mlaze hapa nimwone."

"Ngoja, baba," akasema Bi Kindi. "Bado hujauza. Utaanza siku kwa kupokea kabla hujafunguliwa duka? Mimi nina simbi moja. Niuzie kwanza, nikufungulie, halafu tuyamalize ya mtoto."

Kenge hakuogopa chui wala moto, lakini nuksi aliiogopa. Akarudisha mkono. Bi Kindi akauliza, simbi moja anapata nini.

"Kopo moja. Ni wewe tu."

Bi Kindi akaguna. Akaondoka. Hatua moja, hatua mbili, hatua tatu. Shingo ilimwasha kugeuka. Nyuma yake alisikia makucha yakikwaruza sakafu, kra, kra, na alijua kwamba Kenge akiruka mara moja tu, wajukuu wake wamekwisha. Lakini Kenge hakuruka. Nani atakula mteja wa kwanza?

"Rudi, bibi. Nusu gunia."

Akarudi. Mwanga ulikuwa umefika kwenye paa la duka. Mgongoni, kitu kilisema zzz, kidogo sana.

"Nini hicho?"

"Anakoroma. Ana mafua."

Akaguna tena. Akaondoka tena. Hatua nne, tano, sita. Jua likachungulia na kumpiga mgongoni, na joto likaanza kupenya khanga. Zzzz. Alihisi mzigo ukitetemeka juu ya mbavu zake. Hatua saba. Nane. Alitamani kukimbia, akatembea.

"Gunia zima," akasema Kenge. "Gunia zima kwa simbi yako, na mtoto unaniachia. Njoo upokee."

Bi Kindi akarudi. Akatazama ndani ya gunia. Akabonyeza karanga moja, nyingine, na nyingine, huku mgongo ukiwaka. Zote zilikuwa nzima. Akalipa simbi. Akadai nyongeza, akapewa konzi mbili za karanga. Ndipo akafungua fundo kifuani, akaulaza mzigo juu ya meza kwa mikono miwili, akamsihi Kenge asifunue mpaka yeye afike konani, maana mtoto akimwona bibi yake anaondoka atalia.

Akaliburuta gunia, kru, kru, kru. Hakufika konani. Kenge hajawahi kusubiri chakula.

Zzzzzzz, pa, pa, pa, meza ikaanguka, makopo yakaviringika, na Kenge akapita njiani kama mshale, nyigu juu ya pua, nyigu chini ya mkia, akatumbukia mtoni, chubwi. Mpaka leo hakai mbali na maji. Na mpaka leo hagusi kitu kabla hajatoa ulimi na kulamba hewa, aijue kwanza ina nini.

Bi Kindi alifika nyumbani watoto wakiamka. Siwatu akakagua gunia juu hadi chini, akauliza limegharimu kiasi gani. Akaambiwa simbi moja.

"Nzima?" akasema Siwatu. "Bibi, ungeondoka mara moja zaidi."

Bi Kindi alikaa chini. Akampakata Kombo, akambonyezea karanga ya kwanza, na hakumwachia mpaka mtoto mwenyewe aliposema anabanwa.

Ngano imekwisha. Aliyesinzia aamshwe, aliyekuwa macho akalale. Na funzo lake ni hili, enyi wajukuu: mkienda dukani lipeni bei mliyotajiwa, msigune, msikague, na msimchoshe muuzaji, kwa maana wauzaji wote ni watu wema.