Mama Pimbi na Kitu Cheupe cha Alfajiri

Paukwa!
*Pakawa!*
Aliyekaa mlangoni?
*Aufunge!*
Aliyekaa mekoni?
*Achochee!*
Na anayesinzia?
*Afinywe!*

Haya, sogeeni.

Mama Pimbi alikuwa amefika nusu ya kusugua sufuria kwa majivu, krwa, krwa, krwa, ndipo Bi Kwale, jirani yake, akatua juu ya ukuta, prrrrr! Manyoya yote yamemsimama.

"Hodi, jirani! Weka hiyo sufuria chini!"

"Karibu. Siiweki, masizi yakikauka hayatoki tena. Sema tu, nakusikia."

"Anga jeupe pee. Hakuna wingu hata la kufutia kamasi. Upepo umekufa. Alfajiri nimekanyaga majani yakanichoma nyayo. Leo jalidi inashuka."

Sufuria ikawekwa chini.

Watu wa nyanda za juu wanaijua jalidi. Ni umande unaoganda usiku ukawa mweupe, na ukilala juu ya jani la kiazi, jua likichomoza jani linakuwa jeusi kama limetoka kuchemshwa. Mama Pimbi akatazama bustani yake nyuma ya nyumba. Viazi vilikuwa ndiyo kwanza vinatunga, ukubwa wa gololi. Majani yakiungua leo, hakuna kula mpaka mvua zijazo. Akatazama na ndani. Watoto saba wamelaliana kama maharage, na wa saba, Tumpe, amezaliwa juzijuzi, manyoya yake bado membamba kama ukungu. Nyumba yenyewe ni ya mawe, imara, ila ina nyufa zinazopiga mluzi.

"Subilaga!" akamwita binti yake mkubwa. "Waamshe wenzako. Kandeni udongo mzibe nyufa zote. Mimi naenda kutafuta nyasi za kufunika viazi."

Bi Kwale akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Nyasi za wapi, shoga? Bonde zima limekwanguliwa. Zote kazizoa Bwana Ngiri."

Huyo Bwana Ngiri alikuwa mgeni. Alipanda kutoka nchi ya joto kule chini na pikapu yake, gu-gu-gu-gu, mwili kama gunia la chumvi, meno yamejipinda nje ya mdomo. Jalidi hakuijua. Kwao watu hulala milango wazi wakilalamika joto. Lakini jambo moja alilijua: kinachotafutwa na wengi ni mali. Alipoona wenyeji wanakusanya nyasi, naye akakusanya nyasi. Wakakusanya kuni, naye akakusanya kuni. Wakatafuta magunia, naye akabeba magunia. Za nini? Hakuuliza. Na aliyemuuliza yeye alionyeshwa meno.

"Changu!" alisema Ngiri.

Na pikapu ikaitikia, gu-gu-gu-gu.

Mama Pimbi akateremka bondeni hadi uwanjani kwa Ngiri. Nyasi mlima, kuni mlima, magunia mlima, na pikapu imefunikwa turubai jipya.

"Shikamoo, Bwana Ngiri."

"Marahaba. Hakuna."

"Mbona sijaomba?"

"Najibu mapema nisichoke."

"Mzigo mmoja tu wa nyasi. Nina watoto saba."

"Mimi ndiye niliyekutuma uzae kichuguu kizima? Hebu nipishe, unanikanyagia kivuli."

Mama Pimbi akampima kwa macho. Yeye mzima, kuanzia pua hadi pale ambapo wengine wana mkia, hakufika hata urefu wa pua ya Ngiri. Kupigana naye ilikuwa sawa na kupigana na ukuta. Kulia nako kungemchelewesha. Akageuka akarudi.

Alipofika nyumbani alitwaa ungo, akapanda juu ya jiwe linaloonekana kutoka uwanjani kwa Ngiri. Akauweka ungo. Akausogeza kushoto. Akausogeza kulia. Akaupuliza vumbi, fuu. Akarudi nyuma akautazama, akarudi tena akaupuliza, fuu.

Haikuchukua muda. Puf, puf, puf, Ngiri anapanda mlima.

"We Mama Pimbi! Unaanika nini?"

"Ungo."

"Ungo mtupu?"

"Kwa sasa."

Masikio ya Ngiri yakasimama. "Kwa sasa maana yake nini?"

"Bwana Ngiri, niache na kaungo kangu. Kamoja kananitosha."

"Sema, au naukalia."

Mama Pimbi akashusha pumzi ndefu. Haikumtaabisha, pumzi za namna hiyo anazo nyingi. "Kesho alfajiri kinashuka kitu cheupe. Kila kilichoachwa wazi kinapata. Kilichofunikwa hakipati hata chembe."

"Cheupe?"

"Cheupe."

"Kinametameta?"

"Jua likikipiga, utafumba macho."

"Ukikitia mdomoni?"

"Kinayeyuka."

"Ni sukari!"

"Mimi sijasema sukari."

"Cheupe, kinametameta, kinayeyuka! Ni sukari!"

"Sijasema sukari, Bwana Ngiri. Na Bi Kwale yule pale ukutani ni shahidi, nisije nikasingiziwa."

Lakini Ngiri alikuwa anasikia kwa tumbo sasa, masikio yalishafungwa. "Kinashuka wapi zaidi? Huku juu?"

"Huku juu kidogo. Kinapenda mabondeni, kinatuama kama maji."

"Kwangu!" Ngiri akaruka, kishindo, gubu! "Na gari langu?"

"Bati kinalipenda kuliko nyasi. Tena gari lina maji tumboni, kwenye rejeta. Maji yakilala humo usiku kucha, asubuhi hukuti maji."

"Nakuta asali!"

"Sijasema asali. Wenyeji wa huku jioni wanayamwaga."

"Wanamwaga asali! Washamba hawa!" Ngiri akacheka mpaka meno yakagongana. "Usinifundishe gari, mama. Gari nalijua." Halafu akautazama uwanja wake kule chini, uso ukamkunjamana. "Lakini zile nyasi zimeniziba uwanja. Na zile kuni. Na yale magunia. Sukari yangu itashukia wapi? Njoo uziondoe!"

"Mimi? Na mgongo huu? Nina sufuria sijamaliza kusugua."

"Basi nakuletea mwenyewe!"

"Kwangu si jalala, Bwana Ngiri."

"Nimesema nakuletea!"

Akaleta. Gu-gu-gu-gu, nyasi, bwaga! Gu-gu-gu-gu, kuni, bwaga! Gu-gu-gu-gu, magunia, bwaga! Kila akibwaga, Mama Pimbi alikunja uso kama aliyetukanwa.

"Hapa kumejaa. Nyingine peleka kwa Bi Kwale."

Gu-gu-gu-gu, bwaga!

"Hata turubai unaniachia? Jamani, nilikukosea nini?"

"Chukua, chukua!"

Jua lilipoanza kuelekea mlimani, uwanja wa Ngiri ulikuwa mtupu kama kiganja, na kila mwenyeji wa bonde lile alikuwa na nyasi mpaka shingoni. Ngiri aliwaona wanafunika mboga zao akajishika mbavu. "Wanafunika! Mafungu yao yote yanakuja kwangu!"

Huku juu watoto wa Pimbi walikuwa wanakandika, pa, pa, pa, wakiimba:

*Ziba, ziba, ziba ufa,*
*Baridi ije ikose pa kulala!*

Mama Pimbi akamwagilia viazi kidogo, maana udongo wenye unyevu unatunza joto. Akafunika tuta baada ya tuta, nyasi nene, turubai juu, mawe pembeni. Akaingiza kuni ndani. Akasukuma magunia chini ya mlango. Akahesabu watoto, saba. Akamgeuza Tumpe akamweka katikati, akafunga.

Ngiri naye alijiandaa. Akafungua madirisha yote ya pikapu na kuinua boneti. Akajaza rejeta mpaka ikamwagika. Akatoa nje nguo zake, mablanketi yake, akayatandaza uwanjani yakinge sukari. Bado akaona nafasi haitoshi. Akaung'oa mlango wa nyumba yake, kwaa! akaulaza chini uwe sinia. Kisha akalala nyumba wazi, kama kwao, anatabasamu.

Kilishuka. Na kama Mama Pimbi alivyosema, kilishukia kila kilichoachwa wazi.

Kulipopambazuka uwanja wa Ngiri ulimetameta. Mlango mweupe, mablanketi meupe, pikapu nyeupe. Ngiri alitoka anatetemeka, meno ka-ka-ka-ka-ka, lakini alipoona weupe ule akasahau baridi. Akaenda moja kwa moja kwenye boneti, mahali palipojaa zaidi, akatoa ulimi wote, akalamba.

Nata!

"Ngaaaa!"

Ulimi umenasa kwenye bati. Akavuta, haukutoka. Akasukuma, haukutoka. Akabaki ameinama vile, amelikumbatia gari kama bibi harusi, mpaka jua likapanda na kumwachilia. Akaingia kwenye pikapu akimbilie kwao. Akapiga stati. Pikapu haikusema gu-gu-gu-gu. Ilisema kikh. Kule mbele, tumboni, barafu ilikuwa imekwisha kuipasua rejeta, na maji yaliyoanza kuyeyuka yakatoka taratibu, tiririri.

Mchana kutwa hakuna aliyemwona. Mama Pimbi alifunua viazi vyake, akakuta majani yanatikisika, mabichi, kama hayakusikia lolote. Akaketi kidogo. Halafu akakumbuka sufuria.

Jioni, Subilaga alipokuwa anapakua viazi vikuukuu vya mwisho na njegere, mlangoni pakagongwa. Ka-ka-ka-ka. Haukuwa mkono, yalikuwa meno.

"Mama Pimbi," sauti ikasema, ulimi umevimba, "nithaidie. Nakufa."

"Hufi. Ni baridi tu."

"Ulithema thukari!"

"Nilisema nini, Bi Kwale?"

"Alisema hajasema sukari," Bi Kwale akajibu, naye alikuwa amekuja kula.

Ngiri akainamisha kichwa. Mwili wote uliokuwa gunia la chumvi ulikuwa unatetemeka kama uji. "Mlango wangu nimeung'oa. Mablanketi yamelowa. Na leo kinathuka tena."

Mama Pimbi akamtazama. Akatazama na mlango wake mwenyewe, ambao hata na magunia yale bado ulipitisha ubaridi chini. Akatazama tena upana wa Ngiri.

"Ingia. Lala hapo mlangoni, kwa urefu. Si hivyo, mgongo uelekee nje. Sogea. Haya, usitikisike."

Ngiri akalala. Upepo ukakatika pale pale. Tumpe akatambaa mpaka kwenye tumbo la Ngiri, akajikunja akasinzia.

"Anapumua juu yangu," Ngiri akanong'ona kwa hofu.

"Ndiyo kazi yao. Kula."

Sahani zikapita. Mama Pimbi akasimama na mwiko akahesabu kama kila jioni: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Akasita. Akarudia. Nane. Akaangalia vizuri, wa nane alikuwa na meno ya nje.

"Sawa, wote wamo," akasema. "Aliyezidi ndiye atakayesugua sufuria."

Na mimi nimepakua mpaka ukoko. Aliyeshiba ashukuru, ambaye hakushiba akwangue chungu. Funzo lake ni jepesi, watoto wazuri, likaririni: mkubwa akikuuliza jambo, mwambie ukweli mtupu, maana ukweli haujawahi kumdhuru mtu. Anayebisha akaulize ulimi wa Bwana Ngiri.