Maji Huanza Upande wa Pili

Wahenga hawakuwahi kukwama kwenye foleni ya magari huku maji yakipanda ngazi za basi, lakini walituachia methali inayotutosha hata sisi watu wa lami: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Maana yake haina mafumbo. Anayewamba ngoma huivuta ngozi kuelekea pale alipokaa. Na anayetoa maoni, hata akianza kwa kusema “kwa faida ya wote”, jicho lake moja huwa mlangoni kwake. Anayebisha na asikilize habari za barabara hii.

Ilikuwa barabara kuu, tena ya pekee ya kuingilia mjini. Kiangazi, watu waliilaani kwa msongamano. Mtu aliondoka nyumbani alfajiri akiwa amenyoa ndevu, akafika kazini zimeanza kuota tena. Mvua zilipokuja, foleni ilisahauliwa na kilio kikawa kimoja, bondeni. Pale barabara iliposhuka kabla ya kupanda tena kuelekea mjini, maji yalituama, injini zikazima, na waheshimiwa wenye tai wakavua viatu na kuvuka huku wamekunja suruali. Wafanyakazi walichelewa, wagonjwa walichelewa, na hata wafu walichelewa kuzikwa.

Hatimaye wakubwa wa barabara waliamua. Njia ingepanuliwa, ingenyanyuliwa, na pale bondeni ungechimbwa mtaro mkubwa. Lakini majengo yalikuwa yameibana barabara pande zote mbili. Mtaro ungepita upande mmoja tu, na maduka ya upande huo yangevunjwa. Wahandisi walipima ardhi wakati wa jua kali, wakaona kushoto na kulia kumelingana. Basi wakasema, “Mtaro ujengwe upande ambao maji huanza kujaa. Waulizwe wenyeji.”

Kazi ya kuuliza akapewa binti mmoja wa kitengo cha maoni ya wananchi. Tangu utotoni aliitwa Mbona, kwa sababu hakuacha kuuliza. Mbona mwezi unatufuata? Mbona gundi haigandi ndani ya chupa yake? Mjomba wake, fundi makochi aliyemlea baada ya mama yake kufariki, alikuwa akimjibu huku ameuma misumari mdomoni, na alipochoka kujibu alimpeleka shule. “Kawachoshe na walimu,” alisema. Makochi yale ndiyo yaliyomsomesha hadi akapata kazi ya kulipwa kwa kuuliza. Na karakana ya makochi, msomaji ajue mapema, ilikuwa bondeni, upande wa kushoto.

Mbona aliingia kazini kwa hamu, kama mtoto aliyepewa funguo za stoo. Alianza na waliokwama kwenye foleni, akiwauliza madirishani kinachoiharibu barabara.

“Magari madogo,” alisema dereva wa lori. “Mtu mmoja, gari zima! Wapigwe marufuku.”

“Malori,” alisema mwenye gari dogo, pua yake ikikaribia tairi la lori lile lile. “Yapite usiku.”

Mwendesha baiskeli alitaka njia ya baiskeli. Mwenda kwa miguu alitaka baiskeli ziondolewe njiani. Dada mmoja wa ofisini alifikiri sana, kisha akasema barabara ingekuwa nzuri kama wengine wote wangehamia karibu na kazi zao. “Na wewe je, dada?” “Mimi? Mimi nimeshajenga, bwana.”

Mbona alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akateremka bondeni kuuliza swali lenyewe: maji huanza kujaa upande gani?

Alianza kulia, kwenye saluni. Mwenye saluni alikuwa mama wa miraba minne, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alimsuka mteja huku akijibu.

“Kushoto, mwanangu! Sisi huku hukaa tumekauka tukiwatazama wenzetu wakiogelea.”

“Na ile alama ya matope ukutani kwako, mama?”

“Hiyo? Hiyo ni rangi.”

Akavuka kushoto. Huko kila mtu aliapa kwamba maji huanza kulia. Mwenye duka la vipuri alisema, fundi viatu akaunga mkono, na mjomba wake mwenyewe, huku akivuta kitambaa juu ya kiti, akasema bila kuinua macho, “Kulia. Andika kulia, mama.”

Mbona aliandika kulia.

Mtu mmoja tu alimshangaza. Mwanzoni mwa bonde, upande huo huo wa kushoto, palikuwa na mzee mmoja muuza miche. “Maji huanza hapa hapa kwangu,” alisema. “Waambie mtaro waupitishe kwangu. Wavunje hata kibanda, sina neno.”

Mbona aliduwaa. Je, amepatikana mtu asiyevutia ngozi kwake? Alimzunguka mzee yule, akamtazama kama kitu cha makumbusho. Mpaka alipoona ndoo zimepangwa, na bega la mzee lilivyochubuka kwa kuchota maji ya kumwagilia kutoka mbali.

“Mzee wangu, unautaka mtaro ili uchote maji mlangoni?”

“Sasa mwanangu, kwani nimekuficha?” mzee akajibu, naye akacheka.

Mbona alipumua, na hapo ndipo alipotenda kosa lake. Alijisemea, “Huyu anavutia kwake, maneno yake hayahesabiki.” Wale wengine wote waliovutia kwao aliwahesabu, ila huyu mmoja alimwacha, hivyo waliosema kulia wakazidi kwa mtu mmoja. Pendekezo alilompelekea mkuu wake wa kitengo lilisema mtaro upite kulia. Alilikabidhi, akaondoka haraka kabla hajaulizwa kitu.

Mkuu wa kitengo alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti, asiyedanganyika kirahisi. Alilisoma pendekezo, akasema, “Vizuri. Lakini nataka niwaone wakisema kwa miili yao.” Akaitisha mkutano bondeni, kwenye kiwanja cha wazi. Akamwaga chokaa katikati, mstari mrefu. “Hii ndiyo barabara,” akatangaza. “Kila mtu asimame upande ambao maji huanza kujaa.”

Ikawa kizaazaa. Watu wa kushoto wote walikimbilia kulia, na watu wa kulia wote wakakimbilia kushoto. Walikutana juu ya chokaa, wakapigana vikumbo, wakakanyagana vidole, wakaombana radhi. Vumbi lilipotulia, mtaa mzima ulikuwa umebadilishana pande. Mwenye saluni amesimama mahali pa fundi makochi, na fundi makochi mahali pa mwenye saluni, wakitazamana kama mabeberu. Muuza miche peke yake hakuwa amesogea.

Mkuu wa kitengo alijishika kiuno. “Jamani! Nimewauliza kuhusu maji, ninyi mnanionyesha kuhama!”

Watu wakaangua kicheko, hata waliokuwa wakitazamana vibaya. Mbona naye alicheka. Kicheko kilimkauka mdomoni aliposikia sauti ya mwenye saluni.

“Mheshimiwa, nina swali. Huyu binti ametuuliza sote. Yeye kaulizwa na nani? Si amekulia hapa hapa, kwa fundi makochi?”

Mkuu wa kitengo akageuka polepole.

“Ni kweli?”

“Ni kweli, mama. Ni mjomba wangu.”

“Hukuniambia.”

“Sikukuambia.”

“Basi sasa nakuuliza kama mwenyeji. Maji yakija, huanza wapi?”

Mbona alimtafuta mjomba wake kwa macho. Fundi makochi alikuwa amemkazia macho na kutikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayemkanya mtoto mbele ya wageni. Binti aliona karakana yote mbele yake: harufu ya gundi, sponji zilizorundikwa ambazo alikuwa akilalia baada ya shule, mkono wa mjomba uliokwaruzwa na misumari ukihesabu ada. Ikivunjwa hiyo, mzee huyu ataanza wapi tena? Lakini aliona na mengine, ambayo kwa siku nyingi alijilazimisha asiyaone. Jinsi mawingu yalipotanda tu, wao wawili walivyonyanyua makochi juu ya meza, wakati ng’ambo kwenye saluni watu bado wanasukana. Maji yalifika saluni, ndiyo, ila yalipitia kwao kwanza. Alilijua jibu kabla hajapewa kazi ya kulitafuta.

“Kushoto,” alisema, na machozi yakamtoka. “Huanza kwetu.”

Mwenye saluni akapiga kigelegele. Fundi makochi alikung’uta chokaa kwenye viatu vyake, akaondoka.

Jioni Mbona alimkuta amekaa kwenye kochi ambalo halijavishwa kitambaa, springi zote nje.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Nimekulisha, nimekuvisha, nimekusomesha. Siku ya siku, umenivunjia nyumba mbele ya msusi.”

“Mjomba, nilijaribu kukuficha. Nimepeleka uongo kwa mkuu wangu kwa ajili yako. Sikuweza kuusema mbele za watu.”

“Ungejaribu zaidi!” alifoka, kisha akakisikia mwenyewe alichokisema. Alifunika uso kwa viganja vyake viwili. Binti alikaa chini, akaegemea goti lake kama zamani.

Kazini, Mbona alipewa onyo kali, na kwa msimu mzima hakutumwa kuuliza mtu yeyote kitu chochote, adhabu iliyomwuma kuliko onyo. Karakana ilivunjwa. Fundi makochi alipewa kiwanja juu kidogo, mahali pakavu, akahamia huko akinung’unika, na kwa wiki kadhaa alimwita mpwa wake “Bibi Maoni” badala ya jina lake. Muuza miche alipata mtaro wake na akatupa nusu ya ndoo zake.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa hasira. Watu walijipanga barabarani na miavuli kutazama. Maji yaliteremka yakinguruma, yakafika bondeni, yakaingia mtaroni yote, yakaenda zake. Magari yalipita bila injini hata moja kuzima. Gari la wagonjwa lilipita bila hata kupunguza mwendo. Fundi makochi alitazama, akakohoa, akamwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika, “Mtaro huu umeletwa na mpwa wangu. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Nilimlea hivyo.”

Mbona alisikia, akageuka pembeni akafuta macho, akasingizia mvua.

Msimu ulipokwisha, aliruhusiwa tena kuuliza. Safari hii ilikuwa kuhusu vituo vya basi, vijengwe wapi kwenye barabara mpya. Siku ya kwanza ya kupokea maoni, alifungua mlango wa ofisi, akamkuta mjomba wake wa kwanza kabisa kwenye foleni, shati limepigwa pasi, ameketi wima.

“Mjomba! Kuna nini?”

“Usiniite mjomba, niko hapa kama mwananchi,” alisema fundi makochi. Alisafisha koo. “Nimelifikiria sana jambo hili, kwa faida ya wote. Wazee wanachoka. Wajawazito wanachoka. Mtu akisubiri basi anahitaji mahali pa kuketi. Sasa, kwa bahati tu, mbele ya karakana yangu mpya pana nafasi.”

“Watakalia nini?”

“Makochi yapo. Akilipenda, analinunua.”

Nyuma yake, mwenye saluni aliinuka kwa kishindo. “Usiandike hayo, mwanangu! Kituo kinataka mahali penye kioo, abiria ajitazame kabla ya kufika kazini. Tena kwa faida ya wote!”

Mbona aliwatazama wote wawili, akauma midomo asicheke, kisha akayaandika maoni yao yote, neno kwa neno, bila kumwacha mtu; kwani mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.