Karatasi Kumi na Nane na Mkungu Mmoja

Hapo zamani, wala si zamani zile za fisi kuposa mabinti, hizi za juzi tu ambazo mimi mwenyewe nilikuwepo na dhambi zangu, palikuwa na bibi mmoja huko Kagera, jina lake Kokwijuka. Alikuwa na kibanja cha migomba. Kibanja hicho ndicho kilichomlisha, na humo ndimo alimozikwa mumewe. Basi ukaingia mnyauko. Majani yakageuka manjano, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa, ukikata mgomba unatoa usaha kama kidonda.

Mwanawe Byabato akaja, akatazama, akasema, "Mama, Jumamosi naleta watu. Tunang'oa chote, tunapanda mihogo."

"Na baba yako nimfunike kwa mihogo?"

"Mama, mgonjwa haponi kwa kuhurumiwa."

Sasa, bwana shamba alikuwa amepita wiki ile, akaacha makala ya wataalamu kuhusu ugonjwa huo, karatasi kumi na nane za Kiingereza, akaenda zake semina. Bibi akawaita wajukuu wake watatu, wote wamemaliza kidato cha nne: Kemilembe mwenye haraka, Rwegoshora mzito, na Domitina asiyeamini mtu upesi. Akawaambia, "Dawa imo humu, nami sijui kusoma. Atakayeniokolea kibanja, mkungu wa kwanza ataubeba yeye kichwani sikukuu ya mavuno, mbele ya kwaya, usharika wote umwone. Mmoja tu. Mkungu haubebwi na vichwa vitatu."

Wakaanza. Wakasoma kuanzia neno la kwanza, kamusi pembeni, kalamu ya njano mkononi. Jumatano, karatasi ya kwanza. Alhamisi, karatasi ya pili. Kila mstari wakaupaka njano, hata majina ya waandishi. Mimi jirani yao nikachungulia uani nikasema, "Loo, hata karatasi zimeshikwa na mnyauko!" Nikacheka sana. Mungu anisamehe, ile haikuwa kauli ya mzee wa kanisa.

Ijumaa Kemilembe akaitupa kamusi. "Kwa mwendo huu tutamaliza Krismasi, na watu wa Ba'mdogo wanakuja kesho! Mtu akileta habari ya msiba humwulizi amepita njia gani. Unamwuliza, nani amekufa?" Akasoma kichwa cha makala. Akasoma maelezo mafupi ya juu. Akaruka hadi mwisho, pale wataalamu wanaposema wameona nini. Maharage yalikuwa jikoni, hayajaiva bado, binti akaruka juu. "Bibi! Hakuna kung'oa! Unakata mgomba ule mmoja unaoumwa, chini kabisa. Wenzake wa shina lile unawaacha!"

Jumamosi Byabato akaja na watu sita na majembe. Kemilembe akasimama njiani na karatasi zake, akasoma na kutafsiri.

"Unajua Kiingereza wewe, au unakisia?"

"Najua cha kutosha kukuzuia, Ba'mdogo."

Watu wakacheka, Byabato naye akacheka, akarudi na majembe yake. Hapo kibanja kikapona mara ya kwanza.

Wakakata migomba kumi na miwili iliyoumwa. Baada ya wiki chache, inayoumwa ikawa thelathini. Kemilembe akakaa chini akalia. "Nimekiua kibanja cha Bibi."

Rwegoshora alikuwa bado anasoma. Alikuwa katikati, pale wengi wanapoparuka, wataalamu wanapoeleza walivyofanya kazi: kwa chombo gani, lini, mara ngapi. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Akauliza, "Kemi, panga mlilichoma?"

"Nichome panga, nimekuwa mhunzi?"

"Wao kila wakikata mgomba, panga linapita motoni kabla ya kugusa mwingine. Sisi ugonjwa tumeubeba kwa mikono yetu."

Wakawasha moto. Kila wiki wakapita, moto na panga, panga na moto. Kuenea kukapungua. Hapo kibanja kikapona mara ya pili.

Lakini mwezi wa tatu wa kukata ukaisha, na bado migomba inaumwa, miwili leo, mitatu wiki ijayo. Bibi mwenyewe akachoka. Akasema, "Wajukuu zangu, mmejitahidi. Mwiteni Byabato."

Kemilembe na Rwegoshora wakainuka kwenda kumwita. Domitina akasema, "Bado, Bibi." Tangu mwanzo alikuwa akinung'unika kwamba makala moja ni shahidi mmoja, na Neno linataka mashahidi wawili au watatu. Basi alikuwa amenakili orodha iliyo mwishoni, ya makala nyingine ambazo wataalamu wale walizitegemea. Alikwenda nayo mjini kwa baiskeli, mara nne, akazisaka kwenye kompyuta ya maktaba. Akapata tatu. Ya kwanza ilibisha kidogo. Ya pili ilikubali. Ya tatu ilisema jambo ambalo ile ya bwana shamba haikulisema: miezi ya mwanzo migomba mingine itazidi kuugua, kwa sababu ugonjwa ulikuwa ndani kabla ya panga. Anayeacha hapo ameshindwa akiwa mlangoni.

"Bibi, nipe mpaka mwezi wa saba." Akalichukua panga, akalipitisha motoni.

Mwezi wa tano ukaugua mmoja. Mwezi wa sita, hakuna. Mwezi wa saba, hakuna! Bibi akapiga vigelegele peke yake katikati ya kibanja, hadi kuku wa kwangu wakakimbia. Na msimu ulipofika, mkungu wa kwanza ulikuwa na vichana kumi na kimoja.

Asubuhi ya sikukuu mkungu ulikuwa chini, mlangoni pa kanisa, kwaya imejipanga.

Kemilembe akasema, "Nabeba mimi. Bila mimi hapa pangekuwa na mihogo. Rwego, panga lako ungelichoma ukakate nini?"

Rwegoshora akasema, "Nabeba mimi. Ulisoma mwanzo na mwisho ukaeneza ugonjwa. Bila mimi kibanja ungekimaliza wewe, si Ba'mdogo."

"Nawe uliyejua kusoma polepole, mbona ulifika tumeshakata?" akauliza Domitina. "Nabeba mimi. Ninyi mlikuwa na karatasi mkononi mkakata tamaa."

Byabato akadakia, "Na mimi niliyerudisha majembe, sipati hata kichana?"

"Kaa kimya," Bibi akasema. Akawatazama wajukuu mmoja mmoja, akashindwa. Akanigeukia mimi. "Mzee wa kanisa, hukumu."

Sikuweza. Nakiri mbele yenu: mimi niliyeicheka ile njano, nilikuwa nimeng'oa kibanja changu chote, na mkungu niliotoa sadaka siku ile niliununua kwa Bibi Kokwijuka. Nina mdomo gani wa kuhukumu?

Kengele ya pili imelia, kwaya imeshika sauti, mkungu ungali chini. Ninyi mnaosoma, nisaidieni: aliyeruka mpaka mwisho, aliyekaa katikati, au aliyetafuta mashahidi? Je, nani auinue?