Tope na Maneno ya Kihispania

Nisimulie, nisisimulie?
Simulia.
Na ikiuma?
Tumezoea.
Sogeeni basi.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na baraza na katibu, walikuwa na desturi moja: hoja ikishafunguliwa, hakuna nyingine inayosikilizwa mpaka ile ifungwe. Desturi hiyo waliipenda kuliko walivyopendana.

Asubuhi moja Nyati alifika barazani na ndoo za maji, kuja kuzima moto uliozimika juzi. Kasuku, aliyewahi kufugwa na mpishi Mhispania, akacheka, akasema: "A buenas horas, mangas verdes."

Akawaeleza. Neno kwa neno ni saa nzuri hii, mikono ya kijani. Wahispania humtupia maneno hayo mtu anayeleta msaada mambo yakiwa yamekwisha. Mikono yenyewe, husemwa, ni ya nguo za askari waliokuwa wakifika wezi wameshalala makwao.

Ingeishia hapo. Lakini Fisi, katibu, hakujua hata neno moja la Kihispania na hakutaka ijulikane. Akafungua hoja: maneno haya yanaandikwaje, na maana yake hasa ni nini?

Swala akaja mbio. Mwanawe Kito amekwama bwawani, tope liko magotini. Akamwomba Tembo, mwenyekiti, akamvute kwa mkonga. Ni hatua hamsini tu.

"Mama Kito," Tembo akasema kwa upole, "hoja haijafungwa."

Wakajadili kama kuna mkato katikati. Fisi akasema upo. Nyati, asiyejua mkato ni kitu gani, akaunga mkono.

Swala akaja mara ya pili. Tope liko tumboni.

"Mama Kito, hoja haijafungwa."

Wakajadili alama ya mshangao. Kasuku akasema Wahispania huweka mbili, ya mbele ikisimama kichwa chini. Fisi akasema hilo analijua tangu utotoni. Basi kila mmoja akalijua tangu utotoni.

Swala akaja mara ya tatu, akitembea. Tope liko shingoni.

"Mzee Tembo, mwanangu anaita. Sikiliza."

Tembo akatandaza masikio. Alisikia. Wote walisikia. Fisi akasema imebaki maana tu.

"Maana mmeambiwa tangu asubuhi," Swala akasema. "Ambaye hakuelewa ainue mguu."

Hakuna aliyeinua.

"Basi fungeni."

Fisi akasema hoja haifungwi kabla kumbukumbu hazijasomwa. Akaanza kuzisoma, tangu mwanzo.

Walipofika bwawani, tope lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Swala alikuwa ameketi ukingoni. Tembo akaingiza mkonga akapapasa, akapapasa, akapapasa. Swala hakumzuia, wala hakumtazama. Fisi akatamka kwamba baraza limehuzunika.

"Andika jina lake," Swala akasema. "Kito. Herufi nne."

Fisi akaandika. Hakuna aliyebisha.

Tangu siku hiyo swala akisikia sauti za wengi hukimbia. Watu husema ni mwoga. Hana woga, hana tu anachokitarajia kutoka kwao.

Funzo mnalitaka? Asiyejua aseme hajui, na aseme mapema, kabla mtoto wa mwenzake hajazama.

Hadithi yangu naiacha topeni, mwenye mkonga aivute. Na Fisi, mkitaka kujua, alipandishwa cheo.