Ndiyo za Deeqa

Waliosema mficha uchi hazai hawakuwa wakizungumzia nguo. Walimlenga yule anayefunika shida yake, kisha akashangaa mbona hasaidiki. Deeqa, muuza vitambaa wa soko la Machakos, alikuwa mtu wa namna hiyo.

Mumewe, Khadar, alikuwa Ujerumani mwaka wa tatu sasa, akioka mikate. Ili amfuate, Deeqa alitakiwa kufaulu mtihani wa Kijerumani cha mwanzo. Kila Jumamosi alipanda ngazi hadi darasa la Mwalimu Syokau, akaketi nyuma kabisa. Wenzake walikuwa wauguzi wenye vyeti. Yeye aliachia shule darasa la sita, na siri hiyo hakumwambia mtu. Mwalimu alipouliza, "Mmeelewa?" Deeqa ndiye aliyeitikia wa kwanza. Nyumbani alikariri kitabu kizima kama alivyokariri katika chuo cha Kurani utotoni, lakini hapa hakukuwa na wa kumwitikia. Alipika chakula cha mtu mmoja, na bado kilibaki. Khadar akipiga simu, alimwambia, "Kijerumani nakinywa kama maji."

Siku ya mtihani alimdanganya Mukai, muuza nyanya wa kibanda jirani, kuwa anaenda Nairobi kuleta vitambaa. Maandishi hayakumsumbua. Katika mazungumzo, mtahini mwenye mvi alimuuliza nambari yake ya simu. Deeqa hakushika neno. Alilelewa akijua kwamba kumwambia mtu mzima arudie alichosema ni kumkosea adabu. Akajibu, "Ja," yaani ndiyo. Akaulizwa anaishi wapi. "Ja." Anapenda chakula gani? "Ja." Mtahini akaweka kalamu chini. Deeqa akaanguka mtihani.

"Ulienda kuleta vitambaa," Mukai alisema matokeo yalipotoka, "ukarudi mikono mitupu, na leo macho ni mekundu. Kwani uko na nini, Deeqa?"

Deeqa alitaka kusema hakuna kitu. Lakini siku hiyo upweke ulikuwa umemfika kooni. Akaeleza yote, hata lile la darasa la sita.

Mukai hakumcheka. "Sasa ukisema ndiyo kwa kila kitu, huyo mzee atajua aje hujasikia? Mimi niliachia la nne, na niko hapa. Haya, nyanya Wajerumani wanaitaje?"

"Tomate," Deeqa alinong'ona.

"Sijasikia. Rudia!"

Tangu asubuhi hiyo Deeqa alizungumza Kijerumani sokoni na kukosea hadharani. Wanunuzi walicheka, naye akacheka nao. Darasani alihamia kiti cha mbele, akainua mkono: "Mwalimu, sijaelewa." Wauguzi wawili wakashusha pumzi; kumbe nao walikuwa gizani.

Katika mtihani wa pili, yule yule mwenye mvi aliuliza swali refu. Deeqa alimtazama usoni, akamwomba kwa Kijerumani, "Samahani, tafadhali rudia." Mzee akatabasamu, akarudia polepole. Safari hii Deeqa alifaulu.

Siku Deeqa alipofunga kibanda chake ili amfuate Khadar, Mukai alimletea kiondo alichokisuka mwenyewe. "Huko ukikosa kujua kitu, usinyamaze."

"Sawa," Deeqa alisema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia."

Deeqa akalia waziwazi, katikati ya soko. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa peke yake hatua mbili tu kutoka kwa rafiki, na sasa ndipo anamwacha. Kweli, mficha uchi hazai.