Nguchiro na Zamu ya Dungu

Paukwa!

Pakawa!

Wewe unayetafuna mhogo, meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Wafalme walikuwako wakala, na sisi tukawako tukapika.

Hapo kale, mbuzi hajaota ndevu, alitawala Mfalme Ngiri mwenye tumbo lake. Alikuwa na majemedari watatu: Fisi, Mbuni na Kiboko. Sifa zao zilikuwa nyingi hata mpiga ngoma aliumwa mikono.

Kijijini palikuwa na shamba la kunde, akiba ya wajane na yatima wakati wa kiangazi. Katikati lilisimama dungu, ulingo ule wa miti wa kulindia nyani. Mfalme mwenyewe alikuwa amepiga mbiu: aliye juu ya dungu hashuki wala hashushwi, mpaka mwenzake apande ampokee zamu.

Basi siku nyani walipobweka ng'ambo ya mto, waliokuwa dunguni ni wale majemedari. Fisi akakumbuka msiba. Mbuni akakumbuka kikao. Kiboko hakukumbuka kitu, alikimbia tu.

Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga tele, akapiga yowe. Nguchiro, askari wa mwisho kabisa, akapanda dunguni na kombeo lake. Mawe yakavuma, vuu! vuu! vuu! Nyani wakarudi walikotoka.

Kisha nyani hao wakamwendea mfalme kwa siri. "Mwondoe yule, tugawane kunde nusu kwa nusu." Mfalme akalitazama tumbo lake, nalo likakubali.

Akamtuma Fisi. "Nguchiro ee! Mfalme kakuandalia karamu. Shuka ule!"

"Vifaranga wa Bi Kanga hawajala, mimi nile? Sina sifa, nina zamu."

Akamtuma Mbuni. "Nguchiro ee! Mkeo katandika kitanda. Shuka ulale!"

"Kijiji kizima kinalala kwa hofu, mimi nilale kwa raha? Sina sifa, nina zamu."

Akamtuma Kiboko. "Nguchiro ee! Umepewa cheo: Jemedari Mkuu wa Majemedari Wakuu. Shuka uvikwe joho!"

"Joho litapanda linipokee? Sina sifa, nina zamu."

Msidhani alikuwa jiwe. Harufu ya mchuzi ilimfikia kule juu, na alimkumbuka mkewe hata akalia. Lakini hakushuka.

Mwisho mfalme akaja mwenyewe, mate yakimtoka. "Shuka!"

"Nani ananipokea, Maulana?"

"Mimi!"

Mfalme akapanda. Dungu likalia kwaa! Nguchiro akashuka, akazunguka kijiji akitangaza kwa furaha: "Jamani, njooni mshukuru! Mfalme kapokea zamu!" Wengine husema ilikuwa hila. Wapi! Maskini aliamini kweli.

Watu wakaja na vigelegele. Mara nyani wakatoka vichakani na makapu yao. "Mfalme! Kapu hili lako, hili letu, kama tulivyoagana!"

Vigelegele vikakatika. Bi Kanga akainua shingo. "Maulana, wamesemaje?"

Mfalme alifanya nini? Alichukua kombeo akawatandika washirika wake mwenyewe, akipiga kelele za "Wezi! Wezi!" kuliko mtu yeyote. Nyani wakakimbia huku wakimtukana kwa jina lake la utotoni.

Kisha akataka kushuka. "Nani ananipokea?" Fisi ana msiba. Mbuni ana kikao. Kiboko haonekani. Kijiji kikamjibu kwa adabu: "Sheria yako, Maulana."

Akakaa dunguni mpaka kunde zikavunwa. Tumbo likaisha, vifaranga wakashiba, na Nguchiro akaenda kwake, akala mchuzi uliopoa, akalala.

Funzo ni hili: sifa ni za ngoma, zamu ni ya mtu. Nanyi mliosoma Maandiko mtaniuliza habari za yule askari wa kale aliyekataa kulala kwake wenzake wakiwa vitani, na mfalme wake akamtuma mahali pa kufa. Ni kweli, na inauma. Uaminifu wake na wa Nguchiro ulikuwa mmoja. Nguchiro alipata bahati tu: mfalme wake alikuwa na tumbo kubwa kuliko akili.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, chukueni. Ikiwa chungu, mpelekeeni mfalme.